Mkebe wa Senge

Mwanzoni mwa 1998, mvua ya El Niño ikiwa bado inatunyeshea kana kwamba inatudai, nilimwita shangazi yangu mwongo mbele ya watu saba. Nawakumbuka wote na mahali alipoketi kila mmoja, maana nyumba za mtaa wa Jericho hazina nafasi ya mtu kujificha: watatu kwenye kochi, wawili ukingoni mwa kitanda, pazia likiwa limefungwa fundo, mmoja kwenye kigoda, na Baba amesimama mlangoni kwa sababu viatu vyake vilikuwa na tope hadi kwenye kamba. Senge mwenyewe alikuwa ameketi mkekani, mkono wake wa kushoto umefungwa bendeji kutoka kiwikoni hadi vidoleni.

"Senge, wewe humezi dawa," nikasema. "Ungekuwa unameza, hungeanguka."

Hakujibu. Aliinamisha kichwa akaanza kuchomoa vinyuzi vya bendeji, kimoja kimoja, na ukimya ule nikausoma kuwa ni kukiri.

Kwetu Waluhya senge ni dada ya baba, na hajibizwi ovyo. Lakini mimi nilikuwa na ujasiri wa kuazima. Nilikuwa mwaka wa mwisho Kenya Polytechnic, pale Haile Selassie Avenue, nasomea kemia ya maabara, na katika ukoo mzima hapakuwa na mwingine aliyewahi kushika bureti. Nikisema neno juu ya dawa, mjadala umefungwa.

Senge alikuwa akiishi na kifafa tangu usichana. Aliitwa majina yote unayoyajua, akapelekwa kwa watu wote unaowafikiria, mpaka alipoandikiwa kabamazepini kliniki, akakaa miaka sita bila kuanguka. Miaka hiyo ndiyo iliyompa biashara. Kila alfajiri alikaanga mandazi barazani, na wateja wake walikuwa wale wanaokata kwa miguu kutoka Jericho, wapitie Hamza, wavuke Barabara ya Jogoo na reli ya Makadara, waingie Indaa, eneo la viwanda, kabla mageti hayajafungwa. Mtu mwenye kifafa hapaswi kukaa mbele ya karai la mafuta ya moto. Yeye alikaa miaka sita, kwa kuziamini tembe zake. Kati ya Novemba na Februari ya mvua ile akaanguka mara nne, na ya nne ilimkuta mbele ya karai.

Sasa nieleze habari ya mkebe.

Tembe zenyewe zilitoka kwangu. Kliniki walikuwa wakimpa za mwezi mmoja kwenye bahasha ya kaki, na mara nyingine walimwambia zimekwisha, arudi wiki ijayo. Nikajifanya mpwa mwenye maarifa. Nikaenda duka moja la jumla mjini (siku hizo wengi hawakuuliza karatasi ya daktari) nikanunua kopo la tembe elfu moja. Ukigawanya, kila tembe ilitoka kwa karibu nusu ya bei ya rejareja. Nilijisifu wiki nzima.

Nilipolifungua kopo mbele yake, juu ya tembe palikuwa na kipakiti cheupe, kidogo kama cha majani ya chai, kimeandikwa kwa Kiingereza kwamba kisiliwe. Nyumbani mlikuwa na wajukuu wawili wanaotia mdomoni kila wanachookota. Nikakitupa. Kisha, kwa kuwa kifuniko cha kopo kilikuwa kigumu na vidole vya Senge vimechoka na unga, nikamimina tembe zote kwenye mkebe wa mafuta ya Kimbo ambao mfuniko wake wa plastiki ulikuwa umepasuka ukingoni. Mkebe nikauweka rafuni juu ya stovu ya mafuta ya taa, katikati ya chumvi na magadi. Chini ya rafu kulikuwa na mitungi ya maji. Juu ya rafu ilipita kamba ya nguo.

Mwanafunzi wa kemia huyo.

Mvua ilianza Oktoba 1997, na waliokuwepo hawahitaji kuelezwa. Nguo zilining'inia ndani siku tatu, nne, zikitoa mvuke sambamba na sufuria. Kuta zikaota ukungu mweusi kwenye pembe. Siku moja Senge aliniambia, "Baba, hata chumvi inalia." Alinionyesha kopo: chumvi imegandamana, na juu yake kimetuama kidimbwi cha maji. Nikacheka. Nikamweleza kwamba chumvi hunyonya unyevu wa hewani, nikampa somo zima nimesimama hapo rafuni, na nadhani wakati wote huo kiwiko changu kilikuwa kimeegemea mkebe wa Kimbo.

Magadi nayo yalikuwa pale pale. Yale mawe ya kulainishia mrenda, yatokayo Ziwa Magadi ambako kampuni ilianza kuyachimba kibiashara 1911, yana maji ndani yake. Chukua kilo moja ya magadi asilia, gramu kama 160 ni maji, na ukilishika jiwe ni kavu kama mfupa. Maji hayo hayakulowesha kitu. Yameingia kwenye mpangilio wa fuwele, kila molekuli kwenye chumba chake, kama mpangaji mwenye risiti. Mtoto yeyote wa sekondari aliyewahi kuchoma mrututu kwenye maabara ameyaona maji ya fuwele yakiondoka: buluu inageuka nyeupe, ukidondosha tone la maji buluu inarudi. Haya yote niliyajua. Nilikuwa nimeyafanyia mtihani na kupasi.

Usiku wa kile kikao nililala kwa Senge, nimeagizwa na ukoo nihakikishe anameza. Askari wa tembe. Dozi yake ilikuwa tembe moja na nusu. Akachukua moja akameza. Ya pili akaiweka kwenye ubao wa kukatia mboga, akachukua kisu cha sukuma.

"Kisu cha nini?" nikauliza.

"Zimekomaa," akasema. "Zamani nilikuwa nazivunja kwa ukucha."

Kisu kikateleza. Tembe ikaruka, ikagonga sufuria kwa mlio wa changarawe, ikaviringika hadi miguuni pangu. Niliiokota nikaibinya. Kwa kawaida tembe ya aina ile ukiibinya kwa dole gumba unabaki na unga mweupe kwenye ngozi. Hii haikuacha hata alama. Nikaitumbukiza kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, nikaiweka dirishani, nikalala.

Asubuhi ilikuwapo. Kingo zimelainika kidogo, na juu yake kuna manyoya membamba yanayometa ukiinamisha glasi kwenye mwanga. Nilitoka nikiwa na kandambili kwenye tope, nikaenda duka la dawa upande wa Buruburu, nikanunua tembe kumi zilizofungwa kwenye karatasi ya fedha. Jina lile lile, miligramu 200 zile zile. Moja nikaitia kwenye glasi ya pili. Sikuwa nimemaliza kukoroga chai, ikavimba, ikapasuka ubavuni, ikamwagika chini kama unga wa uji. Glasi mbili zilikaa dirishani bega kwa bega, na Senge akaja akasimama nyuma yangu akizitazama. Hakusema kitu.

Dawa ile ikiwa kavu ni fuwele isiyo na maji, na hiyo ndiyo kiwanda hutia kwenye tembe. Ikikaa kwenye unyevu mwingi kwa muda mrefu, kila molekuli yake huweza kukaribisha molekuli mbili za maji, zikapangana upya kuwa fuwele nyingine, ndefu kama sindano. Katika gramu 100 za fuwele hiyo mpya, 13 ni maji. Dawa haijaoza. Ukiipima kwa kemia utaikuta yote, haikupungua hata punje, na hapo ndipo penye ujanja wake: jina halijabadilika, tarehe ya kuisha haijafika, rangi ni ile ile. Kilichobadilika ni namna chembe zilivyoshikana, na fuwele ile mpya huyeyuka polepole zaidi. Tembe inakuwa jiwe. Inaingia tumboni, na sehemu yake inatoka kabla damu haijaipata.

Mtu anayejenga Umoja ataelewa upesi. Mawe ni yale yale ya Ndarugo, lori ni lile lile. Moja limejengewa nyumba ya chini yenye ua na mti wa parachichi, jingine ghorofa saba ambalo ngazi zake hazioni jua. Hakuna anayesema mawe yamebadilika, na hakuna anayeweza kuishi ndani ya nyumba hizo mbili kwa namna moja.

Niseme ukweli kwamba tembe za Senge hazikupita kwenye mashine yoyote ya eksirei, na glasi dirishani si maabara. Lakini malalamiko kama yake yalikuwa yameshasikika Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980: wagonjwa wanaomeza kama walivyoandikiwa, na kifafa kinarudi. Kufikia 1990 wadhibiti wa dawa wa huko walikuwa wametoa onyo kwamba tembe za kabamazepini zikiwekwa penye unyevu zinaweza kupoteza hadi theluthi moja ya nguvu zake, kwa hiyo zisiwekwe bafuni. Miaka minane kabla ya kikao chetu. Onyo lilikuwapo duniani. Halikuwa limefika rafuni kwa Senge, na mtu pekee ambaye lingeweza kupitia kwake alikuwa amekitupa kipakiti.

Je, nililisema hilo? Nilisema hivi: "Senge, dawa zilikuwa zimeharibika." Zilikuwa zimeharibika. Sentensi isiyo na mtendaji ndani yake. Nikamnunulia za karatasi ya fedha, akaacha kuanguka, akarudi kwenye karai lake mkono ukiwa na kovu la rangi ya waridi, na mimi nikahesabu jambo limekwisha.

Mwaka uliofuata nikapata kazi kwenye kiwanda kimoja cha dawa huko huko Indaa. Nikawa mmoja wa wale wanaopita kwa Senge alfajiri na kufungiwa mandazi mawili kwenye gazeti. Kazi yangu ilikuwa ya ubora: mapipa ya unga yanaingia kutoka India na China, nachukua sampuli, napima. Huko nikakutana na toleo la kitaalamu la glasi yangu ya dirishani. Mashine ina mirija sita, kila mrija na tembe yake, inapanda na kushuka ndani ya maji ya nyuzijoto 37, na tembe ya kawaida isiyovishwa ganda ina robo saa ya kuvunjika. Robo saa. Ile ya Senge ilikuwa imelala usiku kucha.

Wiki ya pili kazini nilipima unga wa amoksilini, jibu likaja pungufu kwa karibu asilimia 13. Nikaandika kwamba pipa lina kasoro, lirudishwe. Mkuu wangu, mama mmoja wa Makadara ambaye hakuwahi kupandisha sauti, aliisoma karatasi mara moja akanirudishia. "Umepima maji ukayaita dawa," akasema. Amoksilini ya kiwandani huja na molekuli tatu za maji kwa kila moja ya dawa. Ukitaka miligramu 500 za dawa yenyewe, kwenye mizani uweke kama 574 za unga. Ndiyo maana boksi la dawa ile huandika kwa herufi ndogo kwamba kiasi kile ni sawa na kiasi fulani cha amoksilini. Pipa lilikuwa zima. Cheti chake kilikuwa kimeeleza kila kitu, ukurasa wa pili, na mimi nilikuwa nimesoma wa kwanza.

Alinifundisha mengi mama yule, na mengi kati ya hayo yalihusu maumbo. Dawa moja inaweza kujipanga kwa maumbo mawili, matatu au zaidi, hata bila maji kuingia. Wajerumani wawili, Wöhler na Liebig, waliliona jambo hilo 1832 walipochemsha mmumunyo wa kitu kiitwacho benzamidi na kuuacha upoe: zikajitokeza sindano laini kama hariri, na baada ya muda sindano zile zikajigeuza zenyewe kuwa fuwele za umbo jingine, mbele ya macho yao, bila mtu kuongeza wala kupunguza chochote. Hata paracetamol unayonunua kwa kuhesabiwa dukani ina umbo ambalo hushikana vizuri likigandamizwa, na umbo jingine, lile la kawaida, ambalo bila kutiwa gundi linabanduka kama chapati iliyokosa mafuta.

Lakini lililonikaa kichwani ni la dawa ya minyoo. Mebendazoli, ile tembe ya kutafuna ambayo kila mtoto wa Eastlands ameitemea ukutani angalau mara moja, ina maumbo matatu, A, B na C. Linalotumika kutibu ni C. B huyeyuka zaidi lakini lina sumu zaidi. Na A ndilo tulivu kuliko yote. Ukiyaacha yale mengine mahali pa joto jingi na unyevu, yanaweza kutafuta njia ya kuwa A. Minyoo hawana habari na A. Mtoto anaweza kumeza dozi kamili ya umbo hilo na mnyoo akaendelea na shughuli zake. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa dawa ya maji ya watoto ya kloramfenikoli palmitati: umbo lililotulia halitibu, lisilotulia ndilo linalotibu.

Nilipolielewa hilo niliacha kula mandazi yangu katikati. Tangu utotoni nimefundishwa kwamba kutulia ni kuzuri, mtu aliyetulia, nyumba iliyotulia, fikra zilizotulia. Na hapa kemia inaniambia kwamba kitu kinaweza kutulia mpaka kikakosa faida kwa mtu yeyote.

Nikawa nimebakiza hatua moja tu kufika mahali nilipopaswa kufika tangu 1998, na hatua hiyo ikanichukua miaka minane. Ilikuja kwenye mafunzo ya kazini mwaka 2006, mchana baada ya chakula, nusu ya ukumbi umesinzia. Mkufunzi alikuwa akieleza habari ya ritonaviri, dawa ya virusi vya UKIMWI. Kampuni ya Abbott ya Marekani iliitoa 1996 ikiwa kwenye kapsuli. Miaka miwili hakuna tatizo. Halafu, mwaka 1998, kapsuli zikaanza kushindwa mtihani wa kuyeyuka. Wakaangalia kwa hadubini, wakakuta umbo jipya ambalo hakuna aliyewahi kuliona, tulivu zaidi kuliko lile la kwanza, na lisiloyeyuka inavyotakiwa. Na umbo la namna hii hufanya kazi kama hamira. Chembe moja ikiangukia kwenye unga mzuri, unga wote huiga. Wataalamu waliokuwa wameshughulika nalo wakaenda kukagua kiwanda cha Italia kilichokuwa bado salama, na baada ya ziara yao umbo jipya likatokea huko pia. Kapsuli zikaondolewa sokoni, wagonjwa wakapewa dawa ya maji yenye ladha chungu, kisha kapsuli laini za kuwekwa kwenye friji. Ilipofika zamu yetu kupata dawa hiyo, ikiwa imechanganywa na lopinaviri, lilikuwa swali la kuchekesha na kuliza: mgonjwa wa chumba kimoja Dandora aiweke friji ipi? Tembe iliyostahimili joto ilipata kibali Marekani mwaka 2005.

Mkufunzi aliendelea. Mimi nilikuwa nimebaki 1998, mwaka ule ule, kwenye sebule ya Jericho.

Maana baada ya mimi kutamka kwamba Senge hamezi dawa, neno lile halikubaki kwenye mkeka. Kesho yake jirani alilirudia kisimani, yaani kwenye bomba la pamoja. Wiki ile ile lilikuwa Kakamega, limepanda basi kabla yangu. Senge ni mkaidi. Senge anaficha tembe chini ya godoro. Senge anataka kuhurumiwa. Kila aliyeligusa alilipitisha kwa mwingine likiwa na umbo lile lile, gumu, tulivu, lisiloyeyuka kwa maji yoyote. Na mimi niliyekuwa na glasi mbili dirishani, ushahidi wote, nilizimwaga nikazisuuza. Nilibadilisha dawa. Neno sikulibadilisha.

Tena lilikuwa neno rahisi, nadhani ndiyo maana lilishika. Mgonjwa akizidiwa, fikra ya kwanza inayojipanga yenyewe kichwani ni kwamba hafuati maagizo. Haihitaji nguvu. Haikulazimu uangalie rafu, wala kamba ya nguo, wala mkono wako mwenyewe. Nimeiona fikra hiyo kwenye maduka ya dawa kutoka Kayole hadi Kariobangi, ikitolewa kwa mama aliyembeba mtoto mgongoni kabla hata hajaulizwa anaiweka wapi dawa.

Desemba ya 2006 tulikwenda nyumbani. Kati ya wale saba, wanne walikuwepo, mmoja alikuwa Eldoret, wawili wameshatangulia. Baba alikuwa mmoja wa waliotangulia. Alikwenda akiamini dada yake ni mkaidi, na aliyemwaminisha ni mimi. Hilo sina glasi ya kulitia.

Jioni, baada ya ugali, nikasimama. Sikuwa nimewahi kusimama kusema jambo nyumbani tangu mazishi ya Baba. Nikaeleza mkebe, mfuniko uliopasuka, stovu, mvuke. Nikasema Senge alikuwa akimeza dawa zake kila siku bila kukosa, na kwamba aliyeziharibu ni mimi, kisha nikamwita mwongo kwa kosa langu. Kimya kikawa kirefu. Mjomba mmoja akakohoa akaangalia taa.

"Najua," akasema Senge.

"Unajua nini, Senge?"

"Kile kipakiti ulichokitupa. Kilikuwa na kazi yake." Alikuwa akichambua mchele kwenye ungo na hakuinua macho. "Mwaka ule mjukuu alinunuliwa viatu vya shule, ndani ya boksi kukawa na kingine kama kile. Nikakitia kwenye kopo la chumvi, nikalifunga na nailoni. Chumvi ikaacha kulia."

Nilihesabu haraka. Mwezi wa kufungua shule, 1998. Alikuwa amefanya jaribio lake, akapata jibu, akakaa nalo.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungesikia?" akasema. "Ulikuwa unasomea kemia, baba."

Wale wengine wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nao, na sikujua niweke wapi mikono.

Sasa Senge amepita miaka themanini na anaishi kwangu Umoja. Karai aliligawa. Tembe zake hukaa kwenye karatasi ya fedha hadi dakika ya kumeza, ndani ya droo ya chumba cha kulala, mbali na jikoni na mbali na bafu. Daktari ameridhika na rekodi zake ziko sawa. Hata hivyo kila nikileta boksi jipya, naanza na glasi. Si kipimo cha kitaalamu, najua, na Senge hulalamika kila mara kwamba napoteza tembe nzima, kwamba hela haziokotwi sokoni Mutindwa. Analalamika, lakini haondoki. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, kwa hiyo husubiri nimwambie.

"Imevunjika?"

"Imevunjika, Senge."

"Haya. Lete chai."